Mwano wa Nyanzala

Nyanzala hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hilo lijulikane kwanza. Miaka arobaini na mitatu aliyokaa na mumewe Mwandu, hakuwahi kumwita kwa sauti ya kuvuka ua. Akimtaka, anakuja mpaka alipo, anasimama, anasubiri atazamwe. Hata ng'ombe aliwasemesha chini chini, nao walimwelewa kuliko walivyomwelewa Mwandu na fimbo yake.

Alizaliwa Usukumani, upande wa Maswa. Walihama kwa miguu, yeye na Mwandu na ng'ombe sitini, wakifuata majani mpaka Katavi. Walipofika Mwasegesa, mbele ya Litapunga, palikuwa msitu na nyuki tu. Walikata miti, wakajenga, wakalima mahindi na tumbaku. Mtoto wao wa mwisho, Scola, alizaliwa hapo, chini ya turubai, mvua inapiga. Mwandu siku hiyo alikuwa porini, amefuata ng'ombe waliotoroka. Nyanzala alizaa peke yake, akakata kitovu mwenyewe. Mwandu aliporudi alimkuta amekaa, ameshika mtoto, mdomo umekauka. Hakulalamika. Ila tangu siku hiyo, mwanamke yeyote akishikwa na uchungu Mwasegesa, Nyanzala ndiye wa kwanza kufika.

Amefariki masika ya mwaka huu. Kifua. Mwandu hana maneno mengi juu ya hilo. Lakini watu wakikaa wanasimulia siku ya mwano, kila mmoja na yake, na wengine hawakuwepo kabisa! Basi isimuliwe ilivyokuwa.

Ilianza na wezi. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, waliingia alfajiri na bunduki mbili. Yotham, mdogo wake Mwandu, alikuwa analala zizini. Alisimama mlangoni na mkuki. Wakampiga risasi, wakapita, wakaswaga ng'ombe arobaini na mmoja kuelekea msituni.

Hapo ndipo Nyanzala, mtu wa kunong'ona, alipofungua kinywa.

Mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Mmoja akipiga, aliye karibu anaupokea na kuupiga, wa mbele yake naye anaupokea, mpaka nchi nzima imesikia. Ukiusikia unaacha ulicho nacho. Unakula, unaacha. Unaoga, unavuta nguo unakimbia. Asiyekimbia anahesabiwa kuwa mwenza wa wezi. Na anayepiga mwano wa uongo, huyo atajuta kuwa na koo.

Nyanzala akapiga. Mwandu alikuwa hatua tatu nyuma yake na nywele zilimsimama. Ilitoka sauti ambayo hakujua kama imo ndani ya mkewe. Ikavuka mto, ikavuka mashamba, ikapokelewa kwa Wabende, ikapokelewa kwa Waha, ikaenda, ikaenda, mpaka kwa Kamanda Malale, mkuu wa sungusungu wa upande wa Ugalla. Saa nne asubuhi jeshi lake lilikuwa limeingia. Watu mia na ishirini! Manyoya kichwani, pinde begani, filimbi shingoni. Jeshi la jadi lenyewe! Watoto walipanda juu ya vichuguu kuwaona. Walifuata nyayo siku tatu, wakapigana huko msituni, wakapoteza vijana wao wawili. Siku ya nne vumbi likaonekana, na ndani ya vumbi ng'ombe thelathini na wanne.

Watu walilia, watu walicheza. Dume likachinjwa. Kwa desturi, mguu wa mbele ni wa aliyepiga mwano.

"Nani alipiga?" Malale akauliza.

Nyanzala alikuwa ndani na mjane wa Yotham. Mwandu alikuwa pale pale kwenye nyama. Kabla hajasema kitu, Telesfori, mwenyekiti wa kitongoji, akajibu, "Ni mimi."

Mwandu akamtazama. Telesfori akautazama mguu. Sasa mtu agombanie mguu wa ng'ombe, na mdogo wake amezikwa juzi? Mwandu akanyamaza. Hata kipande alichogawiwa akala. Kikamkaa kooni miezi mingi.

Malale akaulizwa, "Mnaondoka lini, Kamanda?"

"Wezi hawajaisha. Tutakaa kidogo."

Wengi walirudi kwao, arobaini wakabaki. Kidogo kikawa mwezi. Mwezi ukawa miezi minane.

Walilala kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Msimu ukafika, tumbaku imekomaa shambani, na mabani yamejaa watu, vyungu na miziki ya simu. Kila kaya ilitoa debe la mahindi na kuku. Ikapigwa marufuku kutembea jua likizama. Ikapigwa marufuku kujibizana nao. Aliyejibizana alionja fimbo.

Lakini ukweli usemwe wote. Miezi minane hiyo, hakupotea hata ndama. Watu walilala. Malale mwenyewe hakuwa mlevi wala mwizi. Alizunguka na zamu kama kijana, na mguu wake mmoja una mshale uliovunjikia ndani. Mwandu alimheshimu. Kila akipita kwenye kaburi la Yotham alisema moyoni, wangekuwepo hawa siku ile.

Kisha likaja la Ambrosi.

Ambrosi ni mume wa Scola. Nyumba yao iko hatua mia mbili kutoka kwa Mwandu. Vijana wa Malale walitaka bani lake. Akawaambia, "Nina tumbaku ndani. Mnataka nikaikaushie wapi, mgongoni?"

Wenyewe hawakucheka. Malale akamtenga. Kutengwa ndio adhabu yao kubwa, na haina fimbo. Mtu wa nyumba iliyotengwa hasalimiwi. Hapewi moto. Kisimani anachota wa mwisho. Bodaboda haimbebi, mashine haimsagii, mkunga hamkaribii. Atakayemsalimia, faini ng'ombe, na yeye anatengwa. Na Scola alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mama mtu haruhusiwi kumsalimia mwanawe! Nyanzala alisimama uani asubuhi akimwona Scola anatoka kisimani, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kiunoni. Siku ya kwanza alisimama hivyo tu. Siku ya pili akamgeukia ng'ombe wake mwekundu, akamwambia kwa sauti ya kusikika, jambo lisilo la kawaida yake:

"Wewe! Nani kakwambia ubebe ndoo iliyojaa? Jaza nusu! Na uji wa ulezi unywe, usijifanye umeshiba!"

Kule kwa Ambrosi Scola akasikika anafokea kuku: "Nyie kuku nyie! Ulezi umekwisha tangu juzi, mnataka nitoe wapi?"

Kesho yake mfuko wa ulezi ulikutwa kwenye majani ya njiani. Ng'ombe kaudondosha, nani anajua.

Ikawa hivyo miezi miwili. Mama anamsema ng'ombe, binti anawasema kuku. Kijana mmoja wa zamu akasimama kwenye ua, akamwita mayu, yaani mama.

"Mayu, unaongea na nani kila siku?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe anaambiwa alale kwa ubavu wa kushoto?"

"Wa kwenu analalaje?"

Kijana akajikuna manyoya, akaenda zake.

Mwishowe malalamiko yakafika kwa mtendaji wa kijiji. Alikuja na pikipiki, akasikiliza pande zote. Akasema, "Nyie ndio mliowaita. Kaeni mkutano, muamue, mniletee jibu." Malale naye akakubali mkutano. Ila akataja sheria ya jeshi lake: haliondoki mpaka aliyepiga mwano asimame mbele ya watu na kusema umekwisha. Yeye tu. Akisema, na baadaye damu ikamwagika, lawama ni yake mbele ya kila mtu.

Asubuhi ya mkutano Mwandu alikuwa anakunywa chai. Nyanzala akaja, akasimama, akasubiri.

"Sema," alisema Mwandu.

"Scola kawaambia kuku kiuno kinamkata tangu alfajiri."

Mwandu akaweka kikombe.

"Ambrosi yupo?"

"Yupo. Anajua nini Ambrosi?"

Mwandu akamwaga chini chai iliyobaki.

"Jeshi likiondoka wale watarudi," alisema Mwandu. "Unalijua hilo."

"Watarudi."

"Yotham tumemzika."

"Tumemzika."

"Sasa?"

"Sasa ni Scola," alisema Nyanzala, akajifunga kanga ya pili kiunoni.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kupimia tumbaku. Watu walijaa mpaka nje. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na nyuma, kuzunguka banda zima, jeshi na pinde zao. Malale alikaa mbele kwenye kiti cha duka. Telesfori mwenyekiti alifungua mkutano kwa salamu ndefu, akamtaka kila mtu aseme bila woga, huku jasho linamtoka.

Rehani mwenye duka akasimama wa kwanza. Bidhaa zake huzifuata mjini, Kashaulili, na wezi walishamvua mpaka viatu njiani.

"Mimi nasema wabaki! Mnasema wanakula kuku. Kuku! Wale wa bunduki walikula nini? Jamani, mimi nikifunga mlango sasa hivi nalala. Zamani nilikuwa nalala na jicho moja, la pili linakaa dirishani!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akamjibu kutoka upande wa wanawake.

"Wewe Rehani huna bani. Tumbaku yangu imeozea shambani ili wewe ulale!"

"Uhai na tumbaku, kipi kikubwa?"

"Muulize mwanangu aliyechapwa kwa kwenda chooni usiku, atakwambia uhai ni nini!"

Kelele ikapanda. Mzee mmoja akasema tungewapunguza tu, wabaki kumi. Mwingine akasema kumi wanaliwa na wezi kwa chai. Huyu akasema tumewazoea, yule akasema ndiyo hatari yenyewe, kuzoea. Kijana akapaza sauti, "Mlinzi akikaa sana anakuwa baba mwenye nyumba!" Vijana wenzake wakapiga miluzi. Malale hakucheka wala hakukasirika. Alisubiri. Kelele ilipochoka, akasimama.

"Nimesikia. Wengi mnataka tuondoke, wengine tubaki. Sawa. Mwenye mwano asimame aseme. Mwenyekiti, ni wewe. Mwano umekwisha au haujaisha?"

Telesfori akasimama nusu. Akamwangalia Malale, akawaangalia watu, akaangalia msitu kule mbali. Lawama ya damu ile aliiona inakuja imevaa viatu.

"Kamanda," alisema, "kwa kweli... mimi siku ile nilisikia. Nikapokea. Kupiga kabisa, yaani kupiga kwa maana ya kuanza, hapana. Nilisaidia."

"Ulisaidia!" mama yule yule akadakia. "Na mguu wa dume uliusaidia kuingia tumboni?"

Banda lilipasuka kwa kicheko! Watu waliegemeana. Telesfori akakaa, akajifuta uso kwa kofia. Malale peke yake hakucheka.

"Basi mwano hauna mwenyewe," alisema. "Usio na mwenyewe hauzimwi. Jeshi linabaki. Mkutano umekwisha."

"Wangu."

Sauti ndogo. Watu wakageuka huku na huku, hawakujua imetoka wapi. Nyanzala alikuwa ameshasimama, katikati ya wanawake waliokaa.

"Mwano ni wangu," alirudia.

Malale akamtazama kwa upole. "Mayu, hata mimi nakufahamu. Wewe hata kuku humfukuzi kwa sauti. Kila mtu akidai leo ni wake, tutafika wapi?"

"Muulize Mwandu."

Macho yote yakamjia Mwandu. Yule aliyekaa karibu naye akasogea kidogo. Mwandu alijua anataka nini. Alitaka jeshi libaki. Neno lake moja, au kukaa kwake kimya, na litabaki. Kunyamaza alishakujua. Alinyamaza mbele ya nyama, na hakuna aliyemgusa.

Akasimama.

"Ni wake," alisema. "Nilikuwepo. Nilikosa kusema."

"Mume anamshuhudia mke," alisema Malale. "Huo si ushahidi."

Nyanzala alitoka katikati ya wanawake, akavuka banda, akasimama nje kwenye jua. Akavua ndala. Mwandu akaelewa kabla ya wote. Akataka kusema usifanye. Hakuwahi.

Mkewe akapiga mwano.

Jamani! Ile sauti! Wanawake waliziba masikio. Mbwa wakalala chini. Mabati ya banda yaliitika. Na waliokuwepo alfajiri ile ya Yotham wakaijua pale pale, hakuna aliyehitaji kuulizwa, ndiyo hii, hii hii! Mjane wa Yotham akashika kichwa. Mwandu hadi leo akikaa peke yake uani huitegea sikio, kama mtu anayesubiri simu.

Na jeshi? Sheria ya kwanza ya sungusungu ni kuukimbilia mwano. Hawaulizi wa nani. Vijana arobaini waliruka kama wamemwagiwa maji ya moto! Pinde mkononi, huyoo, wameshaingia vichakani kutafuta wezi. Malale akapuliza filimbi kuwarudisha. Kwa kuchanganyikiwa akapuliza ndefu. Kumbe filimbi ndefu kwao ni songa mbele! Wakaongeza mbio. Akabaki kamanda na kiti cha duka.

Huku nyuma mwano umeshapokelewa. Kilima cha kwanza kikaitika. Cha pili kikaitika. Simu za watu waliopanda vichuguu kutafuta mtandao zikaanza kulia, kila moja na wimbo wake. Rehani alikuwa ameshaingia chini ya mzani wa tumbaku.

Wakaanza kufika. Wabende na mbwa wao wa kuwinda. Waha na mapanga. Bodaboda mbili, moja imebeba watu wanne. Mzee Jean-Marie, mkulima wa upande wa Katumba, amekuja na jembe na anapumua kama mvukuto. Wanawake na michi, unga bado uko mikononi. Mtu mmoja povu la sabuni liko kichwani, anapepesa macho. Mia moja, mia mbili, mia tatu! Banda likawa kisiwa. Hakuna aliyewahi kuona watu wengi namna ile Mwasegesa, hata wakati wa uchaguzi.

"Wezi wako wapi?" aliuliza mwenye sabuni.

"Hakuna wezi," alisema Nyanzala.

Mnong'ono ukapita. Mwano wa uongo! Fimbo moja ikanyanyuka, ya pili ikanyanyuka. Mwandu akapenya watu kwa mabega, mzee mzima, akaenda kusimama pembeni ya mkewe. Hakuwa na silaha. Alikuwa na kofia tu.

Nyanzala akasema, na sasa watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie, maana sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ndogo.

"Mwano ni wa mtu anayekaribia kufa. Mwanangu Scola yuko ndani ya nyumba ile. Uchungu umemshika tangu alfajiri. Mkunga haruhusiwi. Mimi siruhusiwi. Nimeongea na ng'ombe miezi miwili. Kama hapo si pa kupiga mwano, nichapeni."

Fimbo zilikaa hewani. Mzee Jean-Marie akashusha jembe lake.

"Huo ni mwano wa kweli," alisema.

"Wa kweli!" wanawake wakaitikia, na michi ikagonga ardhi. "Wa kweli! Wa kweli!"

Malale alikuja taratibu, mguu wake ule mbovu unavuta. Watu wakampisha. Hakuwa na hata kijana mmoja nyuma yake, lakini hakuogopa. Lazima hilo lisemwe.

"Mayu," alisema, "nimezika vijana wawili kwa ajili ya ng'ombe wako."

"Siwasahau. Chakula cha msiba wao nilipika mimi."

"Wale wa bunduki hawajafa. Wako msitu huo huo. Tukiondoka watajua kabla ya wiki."

"Najua."

"Na damu ikimwagika?"

"Itakuwa juu yangu. Sitasema ni ya Telesfori."

Hata Malale kidevu kilimcheza. Akawaangalia wale watu mia tatu, jasho linawatoka, wamekuja mbio bila kujua wanakuja kwa nani. Akaangalia kule vichakani ambako vijana wake walikuwa bado wanawinda hewa.

"Sema basi," alisema.

"Mwano wangu wa siku ile umekwisha," alisema Nyanzala. "Mlikuja nilipowaita. Asanteni. Sasa nendeni mkalinde kwenu. Na nyumba ya Ambrosi isalimiwe."

Malale akavua manyoya kichwani, akayashika mkononi. Nyanzala alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mama wa miaka sitini na mbili, pekupeku, kanga imeshikwa mkononi! Nyuma yake mkunga, nyuma ya mkunga wanawake wote na michi yao. Mwandu akafuata kwa mwendo aliouweza. Alimsikia kabla hajafika. Nyanzala alisimama mlangoni kwa Ambrosi, akasema kwa sauti ya kila mtu:

"Mwadila, Scola! Hujambo, mwanangu?"

Ndani ikatoka sauti, kilio na kicheko kwa pamoja:

"Sijambo, mayu! Ingia, umechelewa!"

Mtoto alizaliwa saa kumi, jua bado kali. Wa kike. Alikuja kwa miguu, ametanguliza nyayo, na mkunga alisema baadaye kwamba peke yake Scola asingeweza, wala Ambrosi asingejua ashike wapi. Nje, watu wa mwano walikuwa hawajaondoka. Mwandu alitoa dume kwa ajili yao, kwa kuwatoa kazini mwao. Mwenye sabuni alinawia hapo hapo uani.

Jeshi liliondoka kesho yake asubuhi, wanaimba. Walifagia mabani kwanza. Baadhi ya wanawake walilia, maana vijana wale walikuwa watoto wa watu, na wengine walishawaita mama. Malale alipita kwa Ambrosi, akasimama nje ya ua, akasalimia. Ambrosi akachelewa kuitikia. Akaitikia.

Malale hakukosea. Wezi walirudi mwezi wa tatu tangu jeshi liondoke, na bunduki zile zile. Safari hii hawakuua. Walichukua ng'ombe kumi na watano, tisa wakiwa wa Mwandu, na Rehani walimvunja mkono wakati wa kuchukua bidhaa. Nyanzala akapiga mwano, watu wakaja kutoka vitongoji saba, wakawakimbiza. Ng'ombe wanane wakarudi. Saba, wote wa Mwandu, hawajaonekana mpaka leo.

Rehani alikuja kwa Mwandu mkono umefungwa kitambaa shingoni, na nyuma yake watu kama kumi. Nyanzala alikuwa anakamua.

"Mama Scola," alisema Rehani, "jeshi lingekuwepo, mkono wangu ungekuwa mzima."

"Ungekuwa mzima," alisema Nyanzala.

Rehani hakutegemea jibu hilo. Akawatazama waliomfuata.

"Watu wanasema tumrudishe Malale. Yeye anataka mwano, na wako ndio anaoujua. Piga."

Nyanzala akamaliza chuchu ile, akahamia nyingine. Mjukuu alikuwa mgongoni mwake, anatafuna ncha ya kanga. Mwandu alisimama kwenye zizi akisubiri. Safari hii angekubali lolote. Ng'ombe saba! Na alikuwa anawataja kwa rangi zao usiku, hapati usingizi.

"Mimi sipigi," alisema Nyanzala. "Anayetaka, koo analo. Apige, wakija awalaze kwenye bani lake, na siku akiwachoka asimame awaambie. Telesfori, unataka?"

Telesfori alikuwa nyuma ya wote. Akasema yeye amekuja kusindikiza tu.

Maziwa yanagonga ndoo. Mmoja akasema, basi tuweke zamu yetu wenyewe. Mwingine akasema na Wabende waulizwe, wana mbwa. Ambrosi akatoa bani lake liwe la kukaa zamu, kwa hiari yake, akasisitiza hilo la hiari mara tatu. Wakaanza kubishana nani ashike njia ya kisimani na nani ashike ya mtoni, wakabishana kwa nguvu, kila mmoja anataka ya mtoni kwa sababu kuna upepo.

"Mimi nishike ipi na mkono huu?" Rehani aliuliza.

"Shika filimbi," Mwandu akamwambia. "Fupi tu. Ndefu usipulize."